Maisha ya Gregory, Mjuzi wa Mawe

Tumekusudia katika ukurasa huu kueleza maisha ya mtu mmoja wa Uingereza aliyekufa zamani, ambaye jina lake halitajwi sana katika baraza zetu, hali ya kuwa kila mkaazi wa Kibera na Kawangware hukanyaga kila siku kitu alichokisoma na kukieleza yeye. Mtu huyu ni John Walter Gregory, mjuzi wa mawe na ardhi. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa, hili lipitalo katika nchi yetu, wataalamu wa dunia nzima huliita mpaka leo kwa jina lake.

Twajua wako watakaouliza: jee, wamekwisha wanavyuoni wa Kiislamu hata tuandikiwe khabari za Mzungu? Hawakwisha, na wawili katika wao tutawataja humu humu. Walakini huyu tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi katika ndugu zetu wa mitaa hii miwili riziki yao imo katika jiwe: yuko avunjaye kokoto, yuko achongaye, yuko mwashi, yuko dereva wa lori la mchanga, na yuko vile vile, kwa masikitiko, auziwaye shaba akaambiwa ni dhahabu. Ya pili, katika maisha ya mtu huyu mna jambo moja ambalo twapenda wasomaji wetu walifikiri, nalo tutalifikia mahali pake.

Gregory alizaliwa mtaa wa Bow, mashariki ya London, tarehe 27 Januari 1864. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Kijana alipotimia miaka 15 alitolewa skuli akatiwa ukarani katika mnada wa sufu, na lau angeridhika na kazi ile leo pasingekuwa na mtu wa kumtaja. Lakini alikuwa na hamu ya mawe na viumbe. Mchana akaandika hesabu za sufu, na jioni akaenda kusoma Birkbeck, chuo kilichowekwa mjini London kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mchana. Mwaka 1887 alipata nafasi katika jumba la makumbusho ya viumbe mjini humo, kitengo cha mawe na masalia ya kale. Shahada yake ya kwanza aliipata mwaka 1891, na ya udaktari mwaka 1893. Twawataja vijana wetu wanaorudi kazini Industrial Area jioni wakasema wamechoka hawawezi darasa: huyu naye alikuwa akitoka kazini.

Kazi yake katika jumba lile haikuwa ya fakhari. Alikaa na masanduku ya makombe na matumbawe yaliyogeuka mawe, akiyatazama moja moja kwa kioo cha kukuzia, akiyapa majina na kuyaandikia orodha. Miaka ya kazi hii ya subira ndiyo iliyomfunza kutazama. Mtu asiyejua huona jiwe tu. Yeye alijilazimisha kuona chembe zake, rangi ya unga wake, namna lilivyovunjika, na kilichokaa ndani yake.

Mwishoni mwa mwaka 1892 alipewa ruhusa kufuatana na msafara mkubwa wa Waingereza uliokuja Afrika Mashariki. Msafara ule ulishukia upande wa Lamu na mto Tana, ukavunjika kabla ya kufika mbali. Wengine wangerudi kwao. Yeye alirudi Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40, watu wa pwani, akaondoka nao mwaka 1893 kwenda bara.

Hapa twapenda msomaji afuatane naye kwa fikira, maana njia ya kutoka Mombasa hata Nairobi ni chuo kizima cha mawe. Jinsi tatu kubwa za mawe ya dunia zimo katika njia hiyo kwa taratibu, moja baada ya moja, wala hakuna haja ya kwenda Ulaya kuziona.

Jinsi ya kwanza ni mawe ya mashapo, yaani yaliyotulia chini ya maji au kuletwa na maji na upepo, tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyotandikwa. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni matumbawe, kazi ya vidudu vya baharini. Jiwe lake ni chokaa, nawe ukilidondoshea siki kali au maji ya ndimu hutoa povu. Ukivuka kwenda Changamwe wakuta udongo wa kale uliogeuka jiwe jepesi kupasuka, na ndani yake masalia ya viumbe vya bahari, vitu ambavyo Gregory alikwisha kuvizoea katika masanduku ya London. Ukipanda Mazeras na Mariakani wakuta mchanga ulioshikamana ukawa jiwe. Ukilisugua hutoka chembe za mchanga mkononi.

Ukishaipita nyika ya Taru, ardhi hubadilika. Hapo ndipo ianzapo jinsi ya pili, mawe geuzi, yaani mawe yaliyokuwa kitu kingine, kisha yakazikwa chini sana, yakapikwa kwa joto na kubanwa kwa uzito hata yakageuka. Taita na Ukambani yamejaa jiwe la namna hii liitwalo naisi. Alama yake ni michirizi: utepe mweupe, utepe mweusi, kisha mweupe tena, kama nguo iliyofumwa, na ndani yake mwang'aa ulanga, yale magamba membamba yanayobanduka kwa ukucha. Katika mawe kama haya ndimo vinamopatikana vito vya Taita. Naisi ni ya kale kuliko mawe yote mengine ya njia ile.

Baada ya vilima vya Machakos, nyanda zinapofunguka kuelekea Athi, huja jinsi ya tatu, mawe ya moto. Haya yalitoka tumboni mwa ardhi yameyeyuka kama chuma cha mhunzi, yakamwagika, yakapoa. Yakipoa upesi chembe zake huwa ndogo hazionekani kwa jicho, na yakipoa upesi zaidi huwa kioo kitupu, kama lile jiwe jeusi kali la Naivasha ambalo wazee wa kale walifanyia visu. Yakipoa polepole huko chini huwa na chembe kubwa, kama itale.

Gregory alipofika upande huu hapakuwa na mji wa Nairobi. Reli ilifika mwaka 1899. Palikuwa na kinamasi, na malisho ya Wamasai, na msitu. Kibera ilikuwa msitu, nao askari Wanubi waliokuja kuweka makao pale hawakuwa wamefika. Kambi ya Wazungu ilikuwa Fort Smith, ngome ya kampuni iliyojengwa upande wa Kabete, mwendo mfupi tu kutoka ilipo Kawangware leo. Kutoka hapo njia ya misafara ilipanda kwenda ukingoni mwa Bonde.

Basi ni mawe gani yaliyo chini yetu? Yote ni ya moto. Msomaji achukue kipande cha lile jiwe gumu la kijivu livunjwalo kuwa kokoto. Likiwa la kukwaruza vidole, nalo lina vipande virefu virefu vidogo vinavyometa, hilo ni trakaiti, na jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kukwaruza. Likiwa la kijivu kilichokolea, zito, chembe zake hazionekani, na kipande chake chembamba kikigongwa kwa nyundo kikalia kama chuma, hilo ni fonolaiti. Na maana ya jina hilo ni jiwe la sauti. Wavunja kokoto waijua sauti hiyo kuliko mwanachuoni yeyote, ila hawakuambiwa kuwa waliyoijua ni elimu. Ama lile jiwe jepesi lichongwalo kwa tindo na kujengewa nyumba na misikiti ya Nairobi, hilo ni tufu, yaani majivu ya volkano yaliyomwagika yakashikamana. Ukilitazama vizuri waona ndani yake vipande vya mawe mengine na matundu madogo. Tufu mojawapo ya Nairobi wataalamu wameipa jina la bonde la Kirichwa, kijito kile kilicho mashariki ya Kawangware. Nao ule udongo mwekundu unaotia nguo zetu madoa wakati wa masika ni mawe haya haya ya moto yaliyooza kwa mvua na jua, na wekundu wake ni kutu ya chuma.

Gregory akashuka Bondeni, akafika Naivasha, akaendelea hata ziwa Baringo. Kazi yake kubwa ilikuwa huko. Kabla yake, mtaalamu Eduard Suess wa Vienna, ambaye hakufika huku kabisa, alisoma taarifa za msafara wa Count Teleki na mwenzake von Höhnel, na mwaka 1891 akaeleza kuwa mabonde haya ya Afrika ni mfululizo mmoja wa ardhi iliyopasuka. Hayo yalikuwa maneno ya kitabuni. Gregory alikwenda akatazama kwa macho. Bonde likichongwa na mto huwa na mkingamo wa herufi V na vijito vinavyoingia pembeni. Hili lina kuta zilizosimama wima pande mbili, zimekwenda sambamba, na kando yake mna vidato kama vya ngazi. Mawe yaliyo juu ya ukuta huyakuta tena chini, katika kidato, yakiwa yale yale. Maana yake ni moja: ardhi ya katikati ilikatika ikashuka, kama tofali katika ukuta uliopanuka. Jina la Kiingereza la bonde la namna hii ni yeye aliyelieneza, na maneno yetu ya Kiswahili, Bonde la Ufa, yamefuata maana yake. Kitabu chake juu ya safari ile kilitoka mwaka 1896.

Kutoka Baringo alipita Laikipia akaukabili mlima Kenya. Count Teleki alikwisha kupanda kiasi mwaka 1887. Gregory alipenya msitu wa mianzi, akapanda mpaka kwenye mito ya barafu, na wa kwanza kuichunguza kwa elimu ndiye yeye. Na wapagazi wake? Watu waliozaliwa chini ya minazi, wenye nguo za pwani, wakasimama katika baridi ya kugandisha maji chunguni. Mizigo yote, chakula, hema, na yale mawe yenyewe aliyoyakusanya, ilikuwa vichwani mwao. Vitabu vya elimu ya ardhi huandika kuwa Gregory aliyachukua mawe ya mlima Kenya hata London. Kwa hakika aliyechukua jiwe kutoka mlimani hata Mombasa ni mpagazi, na wengi katika wapagazi wa misafara ya zama zile walikuwa Waislamu wa pwani yetu. Mwenye kuandika tarikhi ya elimu hii siku moja na asiwasahau.

Mlimani aliona mambo mawili makubwa. La kwanza, mlima Kenya ni volkano ya kale iliyokwisha zimika, na kilele chake cha juu kimekwisha liwa na mvua na barafu; zile pembe tuzionazo ni mawe magumu yaliyoganda ndani ya koo la volkano. La pili, chini sana ya barafu ya wakati ule alikuta marundo ya mawe yaliyosukumwa na barafu, akajua kuwa zamani ilishuka mpaka huko. Mto mmoja wa barafu aliuita Lewis. Mwingine baadaye uliitwa kwa jina lake mwenyewe, Gregory. Huu wa Gregory umekwisha toweka, na ule wa Lewis umebaki kipande kidogo tu.

Na katika mawe aliyotoka nayo mlimani mlikuwa na moja jeusi, laini kama kioo, lililojaa vipande vikubwa vyeupe vyenye umbo la pembe nne zilizolala upande. Hakupata jina la kulitosha. Basi mwaka 1900, alipoandika taarifa ya mawe ya mlima, alilipa jina kwa mlima wenyewe akaliita kenyaiti. Wataalamu wa leo huliweka katika ukoo wa fonolaiti, yaani ni ndugu wa kokoto zetu za Nairobi.

Pengine msomaji ataka kujua: jee, mtu hulitambuaje jiwe hata athubutu kulipa jina? Jiwe ni mkusanyiko wa madini, kama pilau ilivyo mchele na nyama na bizari. Atakaye kujua jiwe hana budi kujua madini yaliyomo. Na kosa la kwanza la mwanafunzi ni kutazama rangi. Rangi ndiyo alama ya kwanza kuonekana, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwatzi ni moja, nayo huwa nyeupe kama maji, na zambarau, na ya waridi, na ya moshi. Yakuti nyekundu na yakuti ya buluu ni madini mamoja. Lile jiwe la kijani la Taita lililopewa jina la Tsavo katika miaka ya 1970 ni garneti, hali ya kuwa watu walizoea kuwa garneti ni nyekundu. Uchafu mdogo kabisa ndani ya madini hubadili rangi yote, na asili yake haikubadilika.

Kwa hiyo mjuzi huiacha rangi akajaribu mengine. Hujaribu ugumu: Friedrich Mohs mwaka 1812 aliweka ngazi ya vidato 10, chini kabisa ulanga ule laini wa unga uitwao talki, juu kabisa almasi. Ukucha wa mtu unakwaruza vidato viwili vya chini. Kisu kinazidi kidogo 5. Kwatzi ni 7, nayo hukwaruza kioo cha dirisha. Hulisugua jiwe juu ya mgongo wa kigae kisichopakwa rangi akatazama unga wake. Hulivunja atazame kama limekatika bapa au limemeguka kama chupa. Hulitilia tindikali. Hulipima uzito. Na Gregory, akisha kurudi London, mawe yake yalikatwa yakasuguliwa mpaka yakawa membamba kuliko karatasi, hata nuru ikapenya, kisha yakatazamwa kwa hadubini. Jiwe lililokuwa jeusi huonekana rangi tele na kila madini kwa umbo lake.

Na ile dhahabu ya vichochoroni? Pairiti humeta kama dhahabu, lakini ukiigonga husagika, na mstari wake juu ya kigae ni mweusi wenye ukijani. Dhahabu hugongwa ikapanuka, na mstari wake ni wa manjano. Shaba ya manjano nayo hupanuka kama dhahabu, hapo nyundo haitoshi, bali mizani. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji ya kiasi chake, na shaba ile ni mara 8 na kitu. Mwenye chombo cha maji na mizani ya sonara hadanganywi, illa atake mwenyewe.

Njia hii ya maji na mizani hatukuipata kwa Waingereza. Abu Raihani al-Biruni, aliyezaliwa Khawarizmi mwaka 973, alitengeneza chombo chenye mdomo kando, akatia jiwe ndani yake, akapima maji yaliyomwagika, na kwa hayo akaandika uzito wa yakuti, zumaridi, dhahabu na risasi kwa kulinganisha. Aliandika kitabu kizima cha vito na madini, Kitab al-Jamahir. Ndiye aliyetenga lali nyekundu ya Badakhshani na yakuti nyekundu, ingawa jicho laona kitu kimoja. Na watu wa zama zake waliposema kuwa zumaridi humpofusha nyoka akiitazama, hakuwabishia kwa maneno. Alimvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamjaribu kwa muda wa miezi 9, wakati wa joto na wakati wa baridi, na nyoka hakupata dhara yoyote. Tungependa wanaouza pete za mawe karibu na milango ya misikiti yetu, wakisema hili huleta riziki na lile huzuia hasadi, wasome ukurasa huo. Naye Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliyagawanya madini mafungu manne, akaeleza kuwa milima huinuliwa na mtikisiko wa ardhi, kisha maji yakachonga mabonde. Na maneno yake yalipotiwa katika Kilatini, watu wa Ulaya kwa muda mrefu waliyadhania kuwa ya Aristotle. Elimu hii ilikuwa nyumbani kwetu. Ilitoka kwa kuwa tuliacha mlango wazi tukalala.

Turudi kwa Gregory. Mwaka 1900 alikwenda Australia kuwa mwalimu mkuu wa elimu ya ardhi katika chuo kikuu cha Melbourne. Alikuwa ameteuliwa awe mkuu wa elimu katika msafara wa Waingereza wa kwenda ncha ya kusini ya dunia. Walakini palizuka ugomvi juu ya nani mwenye amri, mwanachuoni au nahodha, naye mwaka 1901 akajiuzulu. Waliokwenda huko wakaukuta mlima Erebus, volkano iliyo hai katikati ya barafu, nao mawe yake ni kenyaiti, lile lile aliloliita kwa jina la mlima wetu. Jina la Kenya likafika mwisho wa dunia, na mwenye kulitoa hakufika.

Tangu mwaka 1904 mpaka 1929 alisomesha Glasgow. Katika miaka hiyo alitembea sana, na si safari zote twazipenda. Mwaka 1908 alipelekwa na jamii moja ya Mayahudi kutazama nchi ya Barqa, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya dola ya Uthmani, kama yafaa kuhamiwa na Mayahudi; akarejea na jawabu kuwa maji hayatoshi. Mwaka 1912 akatazama Angola kwa shauri kama hilo. Jawabu la maji lilikuwa la haki, lakini swali la wenyeji kutaka au kutotaka hatuoni kuwa lilikuwa na nafasi katika mambo hayo.

Mwaka 1919 alirudi Afrika Mashariki, na mwaka 1921 akatoa kitabu kikubwa juu ya mabonde ya ufa na mawe ya nchi zetu. Humo alikosea katika umri: mwanzo wa ufa na lava zake kongwe aliupeleka mbali mno, hata zama za mijusi wakubwa waliokwisha, na vipimo vya leo vimeonyesha kuwa mawe hayo ni machanga zaidi kwa mamilioni mengi ya miaka. Hilo si aibu, maana zana za kupimia umri hakuwa nazo. Mpango wa tabaka alioupanga ulikuwa msingi wa waliomfuata.

Sasa twafikia lile jambo tuliloliahidi. Mwaka 1925 mtu huyu huyu alitoa kitabu kingine, kisicho cha mawe, juu ya watu weupe na watu wa rangi nyingine. Rai yake ilikuwa kwamba rangi ni hatari inayoukabili ulimwengu, na kwamba salama imo katika kuwatenga watu wala wasichanganyike. Kilisomwa sana, na serikali za walowezi hazikuhitaji kusukumwa ili zipokee maneno ya namna hiyo. Nairobi yenyewe iligawanywa hivyo: mitaa ya Wazungu, mitaa ya Wahindi, na mwafrika mahali pa kulala akisha kazi.

Tumelifikiri sana jambo hili katika darasa letu. Mtu aliyejua kuliko wengi kuwa rangi haitambulishi asili ya kitu, ambaye hakukubali kuliita jiwe la mlima Kenya jina lolote mpaka likatwe na kutazamwa ndani, alipowafikia wanadamu aliiweka nyundo chini akatosheka na ngozi. Wapagazi wake waliomfikisha kwenye barafu wakamrudisha salama walikuwa ushahidi mbele ya macho yake. Kwa jiwe angeuandika ushahidi. Kwa watu hakuuhesabu.

Baadhi ya ndugu walisema: ikiwa hivyo, tumtupe na vitabu vyake. Sisi hatuoni hivyo. Bonde la Ufa halikupasuka kwa rai yake juu ya watu, wala fonolaiti haitaacha kulia kwa sababu aliyetueleza alikuwa na kiburi. Twachukua kilichopimwa, twaacha kisichopimwa. Na tusijitakase. Katika majlisi zetu wenyewe, anapokuja mtu kuposa, jee, la kwanza kuulizwa si rangi yake na kabila yake? Mnubi wa Kibera aliambiwa mgeni kwa zaidi ya miaka mia katika ardhi aliyozikia babu zake, mpaka mwaka 2017 ndipo hati ya ardhi ya jamii yake ilipotolewa. Na waliomwita mgeni hawakuwa Wazungu peke yao. Imamu husimamishwa kando kwa kuwa baba yake si mtu wa fulani. Haya ni kutazama rangi na kuacha mizani, nasi twayatenda hali twajua Qurani imesemaje juu yake.

Gregory hakutulia hata baada ya kuacha kazi ya kusomesha. Mwaka 1932, umri wake miaka 68, alikwenda Peru kuchunguza volkano na mawe ya milima ya Andes. Tarehe 2 Juni mashua yake ilipinduka katika mto Urubamba, akafa maji.

Vipande sita vya mawe tumeviweka katika kabati ya darasa: tumbawe la Mombasa, jiwe la mchanga la Mazeras, naisi ya Ukambani, trakaiti, fonolaiti, na tufu. Havikuandikwa majina. Vijana wa Kibera na Kawangware watakaokuja Jumapili baada ya sala ya Alasiri waje na msumari, kipande cha kigae na siki kidogo, nao wavunja kokoto waje na nyundo zao, kwani wao ndio watakaotangulia kusema.